Kesi ya Sajini: uchambuzi wa kisa cha mbwa wa lindo katika "ranchi" moja ya Kigamboni

Shamba linalohusika na kisa hiki lipo pembezoni mwa Kigamboni, mbele ya Kibada, upande ule ambao viwanja vilivyopimwa bado vinapakana na minazi na mihogo ya wenyeji. Ukubwa wake hauzidi ekari nne, lakini mwenyewe huliita ranchi, kwa sababu aliwahi kufika Kongwa mkoani Dodoma, akaona ng'ombe wa Kampuni ya Ranchi za Taifa wakichungwa kwenye nyika isiyoonekana mwisho, na tangu siku hiyo akaona haya kujiita mfugaji wa uani. Ndani ya ranchi hiyo wamo ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi wasiofika kumi na watano, kundi la kuku wa kienyeji, kisima chenye pampu ya umeme, kijana mmoja wa kazi, na mbwa mmoja aitwaye Sajini. Upande wa kaskazini, panapopita barabara, kuna ukuta na geti la bati. Pande nyingine tatu ni michongoma, iliyokatwa vizuri mahali inapoonekana na wageni na kuachwa itoboke mahali isipoonekana.

Katika kipindi cha kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ranchi hiyo ilipoteza vifaranga wengi, mayai ambayo hakuna aliyeyahesabu, mitetea sita na, mwishoni, pampu ya kisima. Katika miezi hiyo hiyo Sajini alibweka karibu kila usiku na kuwazuia watu kadhaa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwizi. Familia iliitisha kikao. Baba mwenye nyumba alitaka mbwa huyo aondolewe na nafasi yake ichukuliwe na mbwa wa aina ya German Shepherd, kama wale anaowaona katika gwaride wakiwa na askari wa Kikosi cha Polisi cha Mbwa na Farasi. Mkewe alikataa. Kijana wa kazi hakuulizwa, ingawa, kama itakavyoonekana, yeye ndiye aliyekuwa akilipia gharama za kisa chote. Mimi niliitwa kwa kuwa nimefanya kazi ya mifugo muda mrefu na si ndugu wa upande wowote. Hoja yangu, ambayo nitaieleza kwa ushahidi uliopo, ni kwamba Sajini alishitakiwa kwa hasara zilizotokea saa ambazo yeye mwenyewe alikuwa amefungiwa, na kwamba usiku mmoja tu ambao mwizi alikuja kweli, mbwa alifanya kazi yake na binadamu ndio waliolala.

Mshitakiwa na zamu yake

Sajini ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alipoletwa akiwa mdogo aliitwa Mjumbe, mpaka mjumbe wa shina, ambaye anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo, aliposikia jioni moja akiitwa kwa sauti kubwa aje ale ukoko. Jina likabadilishwa na kuwa cheo cha kijeshi, na watoto wa nyumba hiyo wakalichukulia jambo hilo kwa uzito wake: mbwa anapokosea humshusha kuwa Koplo, na anapofanya vizuri humrudishia mistari yake. Nilipofika alikuwa Koplo, lakini hapa nitatumia cheo chake cha awali, kwa kuwa sikuonyeshwa barua yoyote ya kumshusha.

Zamu yake ilikuwa ile ya mbwa wengi wa Dar es Salaam. Alifungiwa bandani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na kufunguliwa saa tatu usiku, watu wanapokuwa wamepungua njiani. Utaratibu huo una sababu ya heshima. Majirani wengi wa eneo hilo ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao unyevu wa mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, japokuwa dini hiyo hiyo inaruhusu kufuga mbwa kwa ajili ya kulinda mifugo na shamba. Kumfungia mchana kulikuwa ni kuishi vizuri na watu, na sina ugomvi na nia hiyo. Banda lake lilijengwa karibu na geti, likitazama barabara, mbali na kuku na mbali zaidi na kisima, kilicho mwisho wa kusini wa shamba.

Chakula chake kilikuwa ugali wa dona na maji ya dagaa, mara moja kwa siku, tena kidogo, kwa imani kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Mtu mmoja alimshauri baba mwenye nyumba aongeze pilipili kichaa. Mkewe alisema pilipili ya jikoni kwake haitamwagwa kwa mbwa, na shauri hilo likafia hapo. Imani ya njaa, hata hivyo, ilibaki, na ni mbaya kwa pande mbili: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimruhusu mfugaji kumnyima mnyama wake chakula anachohitaji, na mbwa mwenye njaa ndiye anayenunulika kwa kipande kimoja cha utumbo kilichorushwa juu ya ukuta, kiwe na sumu au kisiwe nayo.

Matukio ya usiku

Tukio la kwanza halikuwa tukio moja bali lilirudiwa kila siku. Kila bodaboda iliyopita barabarani baada ya saa tatu usiku ilibwekewa kuanzia inaposikika hadi inapopotea. Familia iliona huo ni ujinga. Kwa upande wa mbwa mambo yalikuwa wazi kabisa: kinakuja kitu chenye kelele, anakibwekea, kinakimbia. Hajawahi kushindwa hata mara moja. Bodaboda ilikuwa ikienda Mjimwema na ingeenda huko hata kama Sajini angekuwa amelala, lakini hayo hakuna aliyemweleza, na ushindi wa kila usiku ulimfundisha kubweka zaidi usiku uliofuata. Tabia ya mbwa huimarika kwa matokeo anayoyaona, na hakuna matokeo yaliyo bora kuliko adui anayekimbia kila anapokemewa.

Nazi iliyoanguka usiku na kulindwa hadi asubuhi nitaipita, ingawa baba mwenye nyumba aliitaja kikaoni mara tatu.

Tukio la shemeji linahitaji kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu limechekwa mno na kuchunguzwa kidogo. Kaka wa mama mwenye nyumba alikuja kutoka Morogoro kusalimia. Alifika mchana, Sajini akiwa amefungiwa, na alikwenda kulala kabla mbwa hajafunguliwa, kwa hiyo wawili hao hawakuwahi kuonana wala kunusana. Choo cha ndani kilikuwa kinafanyiwa marekebisho, na wakazi wote walikuwa wakitumia cha nje. Saa saba usiku shemeji alitoka akiwa amejitanda shuka, bila simu na bila tochi. Sajini alimwacha apite, akamwacha aingie, kisha akalala mlangoni. Shemeji alipofungua mlango kutoka, alikuta meno. Alifunga, akasubiri, akafungua tena, akakuta meno yale yale. Alipoita kwa sauti, mbwa alibweka, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo mbwa alivyomzidi, hata ndani ya nyumba kikasikika kitu kimoja tu. Dada yake aligeuka upande wa pili wa kitanda. Mumewe alisema hizo ni bodaboda. Kijana wa kazi, anayekamua saa kumi na moja alfajiri, ndiye aliyemkuta shemeji ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika shuka mpaka kichwani kwa sababu ya mbu, akiwa ameacha kuita kitambo.

Shemeji hakukubali kunywa chai mpaka mbwa alipofungwa, na haki yake ilikuwa hiyo. Lakini tukiutazama usiku ule kama watu wa ulinzi tunakuta jambo tofauti na kichekesho. Mtu asiyejulikana alitokea gizani. Mbwa hakumng'ata wala kumkimbia, alimzuia mahali pamoja na akatoa taarifa kwa saa nne mfululizo. Ni vigumu kumtaka mlinzi yeyote, hata yule wa kirungu na sare, afanye kazi bora kuliko hiyo. Kilichokosekana ni mambo mawili, na yote ni ya binadamu: mgeni hakutambulishwa kwa mbwa, na taarifa iliyotolewa haikupokelewa.

Tukio la mzee wa alfajiri lilikuwa zito zaidi kwa sababu lilihusu ujirani. Mzee huyo hupita kila siku kabla ya mapambazuko kwenda msikitini. Alfajiri moja Sajini alipenya kwenye tundu la michongoma upande wa kusini, akazunguka hadi njiani na kumfuata mzee kimyakimya. Hakubweka. Alitaka kunusa, na pua yake yenye majimaji ikagusa pindo la kanzu. Mzee alisimama, akarudi kwake, akaoga na kubadilisha, na sala ya jamaa ikampita. Asubuhi alifika akiwa na mwenyekiti wa mtaa. Baba mwenye nyumba aliomba radhi, akaahidi kugharimia kanzu nyingine, na akaonyesha kadi ya bwana mifugo kuthibitisha kwamba mbwa amechanjwa. Kadi hiyo ndiyo iliyopunguza joto la mazungumzo, na haipaswi kuchukuliwa kuwa jambo dogo: kati ya watu wanaopata kichaa cha mbwa duniani, hadi asilimia 99 huambukizwa na mbwa, na mwanadamu akishaanza kuonyesha dalili karibu kila mara hufa. Endapo mtu angekwaruzwa na mbwa asiyechanjwa, jeraha lingepaswa kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali kupata chanjo, na kisa chetu kingeacha kuchekesha.

Mzee mwenyewe ndiye aliyesema neno la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Alimchukua mwenye nyumba hadi upande wa kusini, akamwonyesha kwa bakora tundu alimotokea mbwa, akamwambia kwamba panapopita mbwa hapamshindi mtu kupita. Tundu halikuzibwa. Watu walirudi barazani kuendelea kumjadili mbwa.

Jaribio la kitenge

Baada ya mtetea wa nne kupotea, baba mwenye nyumba aliamua kumfanyia Sajini mtihani. Alisubiri saa sita usiku, akajifunga kitenge cha mkewe kichwani hadi usoni, akavaa koti la mvua, akachukua gunia na fimbo, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia shambani kupitia michongoma, akinyata kama anavyodhani wezi hunyata. Sajini alimjia mbio, akasimama hatua chache, akainua pua, kisha akaanza kutikisa mkia. Mwizi huyo alipojaribu kumtisha kwa fimbo, mbwa aliona huo ni mchezo, akaikamata fimbo kwa meno na kwenda nayo. Walipofika kwenye banda la kuku, Sajini alikuwa mbele akionyesha njia.

Mwenye nyumba aliutoa ushahidi huo kikaoni kwa uchungu. "Mbwa wangu amempeleka mwizi hadi mlangoni," alisema, "tena amembebea na fimbo."

Mtihani huo, nasikitika kusema, haukupima chochote isipokuwa ubora wa pua ya Sajini. Binadamu humtambua mtu kwa sura, na ndiyo maana anayetaka kujificha hufunika uso. Mbwa humtambua mtu kwa harufu kwanza, halafu kwa mwendo na sauti. Pua yake ina vipokezi vya harufu vinavyoweza kufikia milioni 300, wakati sisi tuna milioni sita hivi. Kitenge kile hakikumficha mtu, kilimwongezea utambulisho, kwa maana kilibeba harufu ya mume na ya mke kwa pamoja. Alichokiona Sajini ni mwajiri wake aliyeamua kutembea usiku katika mavazi ya ajabu, na adabu ya kazi ilimtaka amsindikize. Mtihani wa kweli ungehitaji mtu asiyemjua kabisa, aliyevaa mavazi mazito ya kujikinga, na mtu mwingine aliye tayari kumshika mbwa. Kwa nyumba ya kawaida siushauri hata huo.

Daftari linasema nini

Hadi hapo nilikuwa nimesikia mengi kuhusu usiku. Nilipoomba daftari la mifugo nililetewa daftari la shule lenye hesabu nzuri, zilizoandikwa na kijana wa kazi kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anapowafungulia kuku. Kila palipoonekana upungufu paliandikwa "wameibwa usiku". Nilimuuliza kuku huhesabiwa tena saa ngapi. Alijibu kwamba hawahesabiwi tena. Jioni huingia wenyewe bandani, mlango ukafungwa.

Hapa ndipo kesi yote ilipogeuka. Kuku aliyepotea saa tano asubuhi ya Jumatatu hugunduliwa asubuhi ya Jumanne, na kwa kuwa amegunduliwa asubuhi kila mtu hudhani amechukuliwa usiku uliopita. Hesabu moja kwa siku inaonyesha kwamba kitu kimepotea, haionyeshi kimepotea lini. Niliomba iongezwe hesabu ya pili wakati wa magharibi, baada ya kuku wote kuingia. Matokeo yalijitokeza mapema mno: upungufu ulikuwa ukionekana magharibi, na asubuhi iliyofuata idadi ilikuwa ile ile iliyolala. Banda la kuku halikuwa likipoteza kitu usiku. Hasara ilikuwa ya mchana, na mchana Sajini alikuwa kifungoni akitazama barabara.

Mtu akishajua saa, kuwapata wahusika hakuhitaji ujuzi wa kipolisi. Vifaranga walikuwa wakichukuliwa na kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wale ambao wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Ndege hao si wenyeji wa pwani yetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, inasemekana ili wasaidie kusafisha taka, wakavuka hadi bara na kuzaliana kuliko jitihada zote za kuwapunguza. Kunguru mmoja hutua mbele ya mama kuku na kumchokoza, na mama anapomrukia huyo, mwenzake hushuka nyuma na kuondoka na kifaranga. Mayai yalikuwa yakiliwa na kenge aliyekuwa akiingia kupitia lile lile tundu la kusini, na kijana wa kazi alimkuta mchana kweupe, kichwa kikiwa ndani ya kiota.

Waliobaki ni mitetea sita. Wawili kati yao walirejea wenyewe, kila mmoja akiwa na vifaranga nyuma yake. Walikuwa wamejificha kuatamia kwenye kichaka cha jirani, jambo ambalo kuku wa kienyeji hulifanya kila anapoona mayai yake yanaondolewa, na siku 21 zilipotimia wakarudi na familia. Daftarini walikuwa wameandikwa kwamba wameibwa. Wanne hawakuonekana tena, na yaelekea waliishia mikononi mwa binadamu au midomoni mwa wanyama nje ya uzio, mchana vilevile.

Sehemu hii haina kichekesho, kwa sababu kwa kila mtetea aliyepotea mshahara wa kijana ulikuwa umekatwa, pamoja na wale wawili waliokuwa wameatamia. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumtishia kwa kesi ya wizi wa mifugo. Nilimweleza mambo mawili. Kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachohusu wizi wa wanyama kinataja ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe na hata mbuni, lakini kuku hayumo, kwa hiyo kitisho chake hakikuwa na mguu wa kusimamia. La pili, na ndilo lenye uzito, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa dhana tu. Ni lazima ionekane kwamba hasara imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Katika kisa hiki hakuna kosa lililothibitishwa, na wakosaji wawili waliothibitishwa, kunguru na kenge, hawana mshahara wa kukatwa. Mama mwenye nyumba alisema fedha za kijana zirudishwe siku hiyo hiyo, na zilirudishwa, ingawa zile za mitetea wanne ambao hawakuonekana zilihitaji mjadala wa ziada.

Usiku wa pampu

Kisima kipo kusini, karibu na tundu. Pampu iliibwa usiku, na kwa hiyo hili ni shitaka pekee lililomkuta Sajini akiwa zamuni. Mwenye nyumba alidai kwamba mbwa "alibweka kama kawaida yake", na kwamba asubuhi alikutwa amelala kwenye kibaraza akiwa na ndala moja, ambayo ilihesabiwa kuwa ushahidi wa utovu wa nidhamu. Nilimuuliza ndala hiyo ilifikaje nje. Palikuwa na kimya, kisha mkewe akajibu: mumewe aliirusha dirishani saa nane usiku, akisema, "Sajini, kelele!"

Mkewe aliendelea kueleza mambo ambayo hakuwa ameulizwa kikaoni. Usiku ule mbwa hakubweka kutokea getini bali nyuma ya nyumba. Sauti yake haikuwa ile ya haraka haraka ya bodaboda, ilikuwa nzito, ya kukatika, ikichanganyika na mngurumo. Alikwenda na kurudi kati ya kisima na dirisha la chumba chao, na mwishowe akakwaruza ukuta chini ya dirisha. Hapo ndipo ndala iliporushwa.

Ukiuunganisha ushahidi huo na majira ya mwaka, picha inakamilika. Wakati wa kipupwe pwani yetu hupigwa na upepo wa kusi, utokao kusini na kusini-mashariki. Banda la Sajini lipo kaskazini. Harufu ya watu walioko kisimani ilimfikia moja kwa moja, ilhali harufu ya wapitao barabarani ilikuwa ikipeperushwa mbali naye. Kwa hiyo barabarani alikuwa akitegemea masikio peke yake, na masikio yalimwambia kelele, naye akabwekea kelele. Kusini alikuwa na pua, na pua ilimwambia wageni. Kengele za uongo zilitoka upande alikojengewa banda, na kengele ya kweli ilitoka upande ambao hakuna aliyemweka kuulinda. Aliukimbilia mwenyewe, akatoa taarifa, akaja kuamsha wakubwa wake, akapigwa ndala. Kwamba hakuwavamia wezi simlaumu. Mbwa mmoja wa kilo ishirini hivi, asiye na mafunzo na aliyeshiba nusu, kazi yake ni kutoa taarifa na kuchelewesha. Kushinda ni kazi ya wanaoamka.

Kuhusu watu wa nyumba ile, siwezi pia kuwalaumu kupita kiasi. Masikio yaliyosikia kengele ya uongo kila usiku kwa miezi hujifunza kulala, kama vile mbwa alivyojifunza kubweka, na mafunzo yote mawili yalitoka katika banda moja lililojengwa mahali pasipofaa.

Yaliyobadilishwa

Banda lilihamishiwa kusini, kati ya kuku na kisima, ambako barabara haionekani na husikika kwa mbali. Tundu lilizibwa kwa mihimili na senyenge, na kenge akaonekana akiizunguka michongoma kwa siku kadhaa kama mpangaji aliyebadilishiwa kufuli. Mchana Sajini hafungiwi tena. Amefungwa kwa mnyororo mrefu unaoteleza kwenye waya uliotandazwa kando ya banda la kuku, mahali ambapo hawezi kumfikia mpita njia wala kanzu ya mtu. Alizoeshwa kwa vifaranga polepole, kijana wa kazi akiwa pembeni, kwa sababu mbwa asiyezoeshwa angeweza kuongezeka kwenye orodha ya wezi. Vifaranga wadogo hukaa chini ya tenga lenye wavu, na baadhi yao wamepakwa rangi ya zambarau, mbinu ambayo wafugaji wengi wa pwani huitumia kuwatatiza kunguru. Mayai huokotwa mara mbili kwa siku. Mgeni yeyote anayelala hapo hupelekwa kwa Sajini kabla ya magharibi, akiwa na mwenyeji, akanuswa. Chakula kimeongezwa na hutolewa katika bakuli moja na mkono mmoja, ili kinachorushwa juu ya ukuta kisiwe na maana kwake.

Sharti gumu kuliko yote lilikuwa la binadamu: kila mbwa anapobweka kutoka kusini, mtu mzima mmoja aamke na tochi akaangalie, hata kama ni mara ya tatu usiku huo. Mwenye nyumba alipinga, akasema kwamba kama ni yeye wa kuamka, basi mbwa ni wa nini. Mkewe alimjibu kwamba mbwa ni wa kumwamsha. Kuhusu German Shepherd, ushauri wangu ulikuwa kwamba mbwa wa aina hiyo angewekwa kwenye banda lile lile, kwa saa zile zile, akibwekea bodaboda zile zile, angefikia cheo cha Koplo kabla ya mwaka kuisha, tena kwa gharama kubwa zaidi ya chakula.

Kubweka kwa usiku kumepungua sana. Pampu haikupatikana. Imenunuliwa nyingine na kufungiwa ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli mbili. Kunguru wamepata njia mpya: mmoja humvuta Sajini hadi mwisho wa waya upande wa mashariki na wengine huja kula ugali wake upande wa magharibi, hivyo bakuli limehamishiwa ndani ya banda. Watoto wamemrudishia usajini wake, ila wameuwekea kipindi cha matazamio. Shemeji ameshatoa taarifa kwamba atakuja tena kwa sikukuu, kwa masharti mawili, kwamba choo cha ndani kiwe kimekamilika, na kwamba yule mbwa atambulishwe kwake akiwa bado amefungwa.